Kati ya Jino na Jino: Kazi ya Kila Usiku Ambayo Mswaki Hauiwezi

Jioni pale Wandegeya, Kampala, moshi wa muchomo, yaani nyama ya kuchoma, ukishatanda barabarani, utaona jambo lile lile kila meza. Watu wamekula mbuzi na ndizi za gonja za kuchoma, wameshiba, wamesogeza sahani, na sasa mikono inaelekea kwenye kikopo cha vijiti. Mtu anafunika mdomo kwa kiganja cha kushoto, mkono wa kulia unachokoa gego la nyuma, unyuzi wa nyama unatoka, anarudia upande wa pili. Hakuna aliyemfundisha. Anajua tu kwamba kuna mahali kinywani mwake ambapo mswaki haufiki.

Kijiti hutoa nyama. Kinachobaki ni kile kisichoonekana: ukoga, utando laini wa bakteria unaojishikiza ubavuni mwa jino, chini kidogo ya ukingo wa ufizi. Nyama iliyokwama inakukera mpaka uitoe, lakini ukoga haukeri. Unaweza kukaa hapo miaka bila kukuamsha usiku hata mara moja, na siku jino litakapoanza kuuma, mara nyingi limeshatoboka au mfupa unaolishikilia umeshapungua.

Neno langu kwa msomaji ni moja. Safisha katikati ya meno yako kila siku, kwa uzi wa meno au kwa kibrashi chembamba, na ujifunze kuifanya kazi hiyo sawasawa, kwa sababu faida yote imo mkononi mwako. Uzi hauna dawa ndani yake. Anayeupitisha harakaharaka ili aseme amefanya, hapati kitu. Anayejua kuuzungusha kwenye ubavu wa jino na kulisugua, huyo ndiye anayeona fizi zikiacha kuvuja damu.

Pande mbili zilizosahaulika

Gego lina pande tano: wa juu wa kutafunia, wa nje unaogusa shavu, wa ndani unaogusa ulimi, na mbili za ubavuni linakopakana na meno ya jirani. Nywele za mswaki hufika vizuri pande tatu za kwanza. Pale meno mawili yalipobanana haziingii, hata mswaki uwe wa bei gani na hata usugue kwa nguvu kiasi gani. Kusugua kwa nguvu kunaongeza tatizo jingine tu: ufizi unarudi nyuma na mzizi unabaki wazi.

Chakula cha Kampala hupenda kukaa katika pande hizo mbili. Nyuzi za nyama, nyuzi za embe na miwa, ganda la punje ya mahindi ya kuchoma, vyote hujichomeka katikati. Vyakula laini ndivyo vibaya zaidi, kwa kuwa hatuvisikii. Chapati ya rolex, ile inayoviringishiwa mayai, au ya kikomando, ile ya maharagwe, hugeuka uji mzito unaojisindika kati ya magego, ukabaki hapo hadi kesho. Juu yake tunamimina chai ya sukari, mara mbili tatu kwa siku, na soda wakati wa joto. Kiwanda cha sukari cha Lugazi kilianza mwaka 1924 na cha Kakira mwaka 1930, na tangu hapo sukari imezidi kusogea karibu na birika la kila nyumba.

Bakteria wa ukoga hula sukari hiyo na kutoa asidi, na asidi hulainisha enameli, lile gamba gumu la nje ya jino. Dawa ya meno yenye floraidi husaidia kuliimarisha tena, mradi ifike. Shimo la katikati ya meno huanza kwa kawaida chini kidogo ya pale yanapogusana, mahali usipoweza kupaona kwenye kioo. Daktari huligundua kwa eksirei, na wewe huligundua kwa maumivu.

Upande wa fizi mambo huenda kwa kasi zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1965 Harald Løe na wenzake mjini Aarhus, Denmark, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa udaktari wa meno husoma hadi leo. Watu 12 wenye fizi nzima waliacha kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21, wote walikuwa na fizi zilizovimba. Walipoanza tena kusafisha, uvimbe ukaondoka kwa muda wa wiki hivi. Hapo kuna onyo na kuna matumaini pia: ufizi huumwa upesi, na katika hatua ya mwanzo hupona upesi.

Hatua ya pili hairudi nyuma kirahisi. Ukoga usiotolewa hunyonya madini ya mate ukawa mgumu, mithili ya chokaa inayogandia ndani ya birika, na ukishagandia hivyo hakuna uzi wala mswaki utakaoung'oa. Ufizi unaachana na jino, panatokea mfuko, bakteria wanashuka ndani yake, na mfupa wa taya unaanza kuliwa. Mfupa huo haurudi wenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni moja wana ugonjwa mkali wa fizi wa aina hii.

Je, kila mwenye fizi zinazovuja damu atafika huko? Hapana. Jibu zuri lilitoka hapa jirani, Machakos nchini Kenya, ambako Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji waliwachunguza watu wazima wa vijijini na kuchapisha matokeo mwaka 1988. Ukoga na damu ya fizi walivikuta karibu kwa kila mtu, lakini uharibifu mkubwa ulikuwa umejikusanya kwa watu wachache na kwenye meno machache. Walionyesha kuwa kupoteza meno si sharti la uzee wa Mwafrika, kama ilivyokuwa ikidhaniwa. Ila hakuna anayezaliwa na alama usoni ya kuonyesha kama yumo katika wale wachache. Kwa hiyo inampasa kila mmoja asafishe.

Faida zilizo wazi na zinazosemwa kupita kiasi

Msomaji anayefuatilia habari anaweza kunikatiza hapa. Mwezi Agosti 2016 shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba serikali ya Marekani ilikuwa imeuondoa uzi wa meno katika mwongozo wake wa lishe na afya, na kwamba ushahidi wa faida zake ni dhaifu. Habari ile ilienea dunia nzima, na wengi walioutazama uzi kama kero walipata kisingizio. Inafaa tuutazame ushahidi wenyewe.

Mwaka 2019 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, ulichapisha mapitio ya majaribio 35 yaliyohusisha watu wazima 3,929. Waliona kwamba uzi pamoja na mswaki huenda ukapunguza uvimbe wa fizi kuliko mswaki peke yake, na kwamba vibrashi vya katikati ya meno huenda vikafanya vizuri zaidi kuliko uzi. Walisema pia bila kuficha kwamba uhakika wa ushahidi huo ni mdogo. Majaribio mengi yalikuwa ya muda mfupi, na hakuna hata moja lililopima kuoza kwa meno ubavuni.

Kuhusu kuoza, mapitio ya mwaka 2006 ya Philippe Hujoel na wenzake yanafundisha zaidi. Walikusanya majaribio sita ya watoto wa miaka 4 hadi 13. Watoto waliopitishiwa uzi na wataalamu kila siku ya shule, kwa karibu mwaka mmoja na miezi minane, walipungukiwa na hatari ya kuoza kwa 40%. Waliopitishiwa na wataalamu mara moja kila miezi mitatu hawakupata faida. Walioachiwa wajifanyie wenyewe hawakupata faida pia. Uzi ulikuwa ule ule katika makundi yote matatu. Tofauti ilikuwa mkono ulioushika na idadi ya siku. Ndiyo sababu nasisitiza mambo mawili pamoja: kila siku, na kwa ufundi.

Faida nyingine ni harufu ya kinywa, na hii haihitaji utafiti wa mtu mwingine. Usiku wa leo pitisha uzi kati ya magego mawili ya mwisho, uutoe, unuse. Kama unanuka, basi harufu hiyo ilikuwa ikitoka na kila neno ulilosema mchana kutwa, na hakuna pipi ya mnanaa itakayoifikia. Fanya hivyo hivyo baada ya wiki mbili za kusafisha kila siku, ulinganishe.

Kisukari na fizi huchocheana. Sukari ikipanda mwilini, fizi huugua haraka na kupona polepole. Nazo fizi zilizougua huongeza ugumu wa kuidhibiti sukari. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba kutibu ugonjwa wa fizi kwa wenye kisukari hushusha kiwango cha sukari ya damu kwa kiasi, kwa muda wa miezi. Hiyo ni tiba ya daktari, wala uzi peke yake hauwezi kuichukua nafasi yake, lakini usafi wa nyumbani ndio unaoilinda tiba hiyo isipotee. Ukiwa na kisukari, mweleze daktari wako hali ya fizi zako kila unapoenda kliniki.

Mama mjamzito naye aelewe kwamba homoni za ujauzito hufanya fizi zivimbe na kutoa damu kwa urahisi. Wengi huogopa wakaacha kusugua, na hapo hali huzidi. Aendelee kusafisha kwa upole, na akihitaji kuonwa na daktari wa meno aende. Ujauzito haumzuii kutibiwa.

Na moyo? Ni kweli kwamba wenye ugonjwa wa fizi huonekana kupatwa na maradhi ya moyo zaidi. Lakini Shirika la Moyo la Marekani, lilipopitia suala hilo mwaka 2012, lilisema haijathibitishwa kwamba moja husababisha jingine. Uvutaji sigara, kwa mfano, huharibu vyote viwili. Mtu akikuuzia uzi wa meno kama kinga ya kiharusi, amevuka mpaka wa elimu iliyopo. Tunza meno yako kwa ajili ya meno yako. Sababu hiyo inatosha.

Namna ya kuifanya kazi

Chagua usiku, baada ya chakula cha mwisho. Ukilala mate hupungua, na mate ndiyo yanayoosha kinywa na kupunguza asidi, kwa hiyo mabaki ya usiku hudhuru zaidi kuliko ya mchana. Anayefunga Ramadhani anaweza kuifanya baada ya daku, kabla ya alfajiri.

Nawa mikono kwa sabuni, kwa kuwa vidole vinaingia kinywani. Simama mbele ya kioo kwa siku za mwanzo. Kata uzi wa urefu wa sentimita 45 hivi, yaani karibu kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya vidole. Zungushia sehemu kubwa kwenye kidole cha kati cha mkono mmoja na kiasi kidogo kwenye kidole cha kati cha mkono wa pili. Vidole hivyo viwili kazi yake ni kushika. Vinavyoongoza ni kidole gumba na kidole cha shahada. Acha kati yavyo uzi mfupi uliokazwa, sentimita tatu hadi tano, kwa sababu uzi mrefu hulegea na kukutoka.

Uingize katikati ya meno mawili kwa kuupeleka mbele na nyuma polepole, ukishuka kidogo kidogo. Usiusukume kwa ghafla. Ukiruka na kuupiga ufizi utajikata, na kidonda hicho kimewafanya wengi waache siku ya kwanza.

Sasa ndipo kazi yenyewe inapoanza, na ndipo wengi wanapoishia. Uzi ukishapita pale meno yalipogusana, uegemeze kwenye jino moja, uupinde ulizunguke ubavu wake kwa umbo la herufi C. Ushushe taratibu mpaka uingie chini ya ukingo wa ufizi na usimame pale utakapokataa. Kisha upandishe na kuushusha mara tano au sita huku ukiubana kwenye jino. Mahali pakiwa safi utasikia uzi ukikwaruza kidogo badala ya kuteleza. Bila kuutoa, uhamishie kwenye jino la jirani, upinde C ya upande wa pili, usugue vile vile. Kila mwanya una kuta mbili, na ukisafisha moja umeacha nusu ya kazi.

Toa uzi, legeza kidogo kwenye kidole kimoja na uzungushie kwenye kingine ili upate sehemu safi, uende mwanya unaofuata. Anza gego la mwisho kulia, uje mbele, umalizie gego la mwisho kushoto, juu na chini. Usisahau mgongo wa gego la mwisho kabisa, ule usio na jirani. Uzi ukikatika au kuchanika mahali pale pale kila siku, huenda pana shimo lenye kingo kali, au kizibo kilichovunjika, au ukoga mgumu. Mwonyeshe daktari mahali hapo.

Maliza kwa mswaki na dawa ya meno yenye floraidi, ili floraidi iingie katika nafasi ulizozifungua. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Wapo wanaoanza na mswaki wakamalizia na uzi, na hao pia hawajakosea. La muhimu ni kwamba vyote viwili vimefanyika.

Damu ya siku za mwanzo

Mtu ambaye hajawahi kutumia uzi ataona damu siku ya kwanza na ya pili, pengine wiki nzima. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakisema uzi unawaumiza. Ikiwa hujajikata kwa kuusukuma, damu hiyo inatoka kwenye ufizi uliokuwa umevimba tayari, na dawa yake ni kuendelea kwa upole. Mara nyingi hukoma ndani ya wiki moja au mbili. Ikipita hapo bado inatoka, tatizo ni kubwa kuliko uwezo wa uzi. Pengine kuna ukoga mgumu chini ya ufizi unaohitaji kukwanguliwa na mtaalamu.

Mvutaji sigara ajihadhari na jambo la kinyume. Sigara hubana mishipa midogo ya damu, hivyo fizi zake zinaweza kuwa zinaharibika bila kutoa damu. Asichukue ukavu huo kuwa ni uzima. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, naye amwambie daktari kabla ya kuanza, asafishe kwa upole, na asiache dawa zake kwa sababu ya fizi.

Kama uzi haukufai

Uzi umetumika muda mrefu. Levi Spear Parmly, daktari wa meno wa New Orleans, aliwashauri wagonjwa wake katika kitabu chake cha mwaka 1819 watumie uzi wa hariri uliopakwa nta. Leo uzi ni wa nailoni au plastiki nyingine, wenye nta au usio na nta. Wenye meno yaliyobanana sana huona wa nta ukipita kwa wepesi. Katika kusafisha hakuna tofauti ya kukusumbua.

Vibrashi vya katikati ya meno ni vijiwaya vyembamba vyenye nywele, na huja kwa ukubwa mbalimbali. Kama fizi zako zimesharudi nyuma na kuna nafasi kati ya meno, hivi vitakufaa kuliko uzi na ni rahisi kuvishika. Chagua kinachojaza nafasi bila kulazimishwa, kiingize na kukitoa mara kadhaa, kisha kioshe. Kimoja hutumika tena na tena mpaka nywele zilale, na hilo ni nafuu kwa mfuko.

Mwenye mwanya wa mbele, ule tunaousifia uzuri, hahitaji kuhangaika na uzi pale. Ageuze mswaki wima na kusugua kuta zote mbili. Mwanya unaoonekana husafishika. Adui yuko nyuma, kwenye magego yaliyobanana.

Mswaki wa mti, unaouzwa kwenye milango ya misikiti na sokoni, ni chombo kizuri kwa pande tatu za jino ukitafunwa vizuri ukawa na nywele laini. Katikati ya meno nao haufiki, kwa hiyo uzi unahitajika pale pale.

Kijiti cha meno kitumie kwa dharura, kuondoa kilichokwama, kwa ncha isiyovunjika na bila kukisokomeza kwenye ufizi. Usitumie pini, waya, wala njiti ya kiberiti. Nyuzi zinazochomolewa kwenye magunia ya plastiki ni ngumu, zina kingo kali na ni chafu. Uzi wa cherehani hukatika na kuacha vipande chini ya ufizi, ambako vitaleta uvimbe. Kama fedha ya uzi wa meno haipo wiki hii, sukutua kwa maji baada ya kula na usugue meno kwa makini ukiuelekeza mswaki kwenye ukingo wa ufizi, mpaka utakapoupata.

Kwa wenye watoto

Mtoto huanza kuhitaji uzi pale meno yake mawili yanapogusana. Kwa wengi hayo ni magego ya utotoni, yanayobanana kabla ya umri wa kuanza shule. Mzazi ndiye amfanyie, kwa sababu vidole vya mtoto mdogo haviwezi, na utafiti niliousimulia juu umeonyesha matokeo ya kumwachia. Mlaze kichwa mapajani mwako chini ya taa, uanze na magego. Usiseme meno hayo yatang'oka tu. Gego la utotoni hukaa mpaka miaka kumi au kumi na miwili, na likioza mapema mtoto hali, halali, na la ukubwani hupoteza nafasi yake.

Ufizi wa mtoto mchanga ukionekana umevimba na kuwa mweupe, huyo anaota meno. Usikubali mtu aukate akikwambia ni ebinyo, yale ambayo Tanzania huitwa meno ya plastiki. Jens Pindborg aliandika tangu mwaka 1969 juu ya madhara ya kuyang'oa aliyoyaona Uganda, na watoto wanaendelea kuumizwa. Homa na kuhara kwa mtoto kuna tiba yake hospitalini, na tiba hiyo haimo kwenye fizi.

Uzi ukishindwa, nenda ukaonwe

Wengi wetu humtafuta daktari wa meno siku maumivu yamezidi, na siku hiyo tiba iliyobaki mara nyingi ni kung'oa. Nenda mapema. Vituo vya afya vya daraja la nne katika mfumo wa serikali vimepangiwa afisa wa meno. Mulago ni hospitali ya rufaa, na Chuo Kikuu cha Makerere kinafundisha madaktari wa meno papo hapo mlimani. Uliza kabla ya kukaa kwenye kiti: jino hili linaweza kuzibwa? Ukoga huu unaweza kukwanguliwa? Una haki ya kupewa jibu.

Dalili zinazotaka uende bila kungoja ni hizi: fizi zinazovuja damu baada ya wiki mbili za usafi mzuri, usaha, jino la mtu mzima linalotikisika, uvimbe wa shavu au wa chini ya taya, na fizi zinazouma ghafla zenye vidonda na harufu kali. Hiyo ya mwisho huwapata zaidi walio na kinga dhaifu ya mwili, na haifai kungojea.

Kwa mtoto kuna moja zaidi, na sisi wa Uganda hatuna udhuru wa kutoijua. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, alichapisha maelezo ya saratani iliyokuwa ikivimbisha taya za watoto na kulegeza meno yao. Ugonjwa huo sasa unaitwa kwa jina lake. Unakua kwa kasi sana, na ukiwahiwa unatibika. Taya la mtoto likivimba, au magego yake yakianza kutikisika kabla ya wakati, usimpeleke kung'olewa tu na kurudi nyumbani. Achunguzwe hospitalini. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago mwaka 1967 katika juhudi za kuutibu ugonjwa huo.

Iwe desturi ya nyumba

Uzi wa kopo lenye mita 50, ukikata sentimita 45 kila usiku, unamtosha mtu mmoja kwa zaidi ya miezi mitatu. Gawanya bei ya kopo kwa siku hizo kabla ya kusema ni ghali, halafu ulinganishe na gharama ya kuziba jino moja. Kopo linaweza kuwa la nyumba nzima, lakini kila mtu akate kipande chake na akitupe akimaliza.

Uweke pale ulipo mswaki, mahali utakapouona. Ukifichwa kabatini utasahaulika. Siku za mwanzo kinywa kizima kitakuchukua dakika nyingi na vidole vitakukatalia. Kama unachoka, fanya magego tu wiki ya kwanza, kwa kuwa huko ndiko hatari iliko, kisha uongeze meno ya mbele. Mkono ukishazoea, kazi yote haizidi dakika tatu. Ukikosa usiku mmoja kwa safari au uchovu, endelea kesho yake bila kujilaumu. Kinachoharibu ni usiku mmoja kugeuka mwezi.

Wafundishe pia wazee wa nyumbani. Bibi ambaye meno yake manane yamebaki ana sababu kubwa kuliko kijana ya kuyalinda, maana ndiyo yanayomwezesha kutafuna nyama na karanga badala ya kuishi kwa uji. Kama vidole vyake vinatetemeka, mnunulie kibrashi chenye mpini, au mfanyie wewe.

Mwili wetu huota meno mara mbili tu. La utotoni likitoka lina mrithi, lakini la ukubwani likitoka halina. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kinywa, yaani meno ya bandia, ni ghali na haujawahi kufikia ubora wa jino la kuzaliwa nalo. Dakika tatu za usiku ni bei ndogo ya kulibakiza, na zinaweza kuanza leo.